Majani ya Pothosi Yanalegea na Kuwa ya Manjano Ingawa Naimwagilia Kila Siku: Nifanyeje?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina pothosi, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya kijani na michirizi ya njano. Niliununua kwenye kitalu cha barabarani miezi minane iliyopita, nikautoa kwenye kiriba na kuupanda kwenye chungu kikubwa cha kauri kwa udongo mwekundu wa nje. Uko sebuleni, mita kama tatu kutoka dirishani, chini ya kiyoyozi. Kila asubuhi naumwagilia kikombe kimoja cha maji ya kisima. Tangu mwezi uliopita majani ya chini yanageuka manjano, mengine yananing'inia, ncha zinakauka na kuwa za kahawia, na majani mapya ni madogo. Wiki mbili zilizopita niliweka samadi ya kuku, hali ikazidi kuwa mbaya. Nikiona umelegea naongeza maji lakini haunyanyuki. Bado unaweza kupona? Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

Jibu: Dada, unaweza kupona. Ila hicho kikombe cha asubuhi kiweke kabatini kwanza. Usiongeze hata tone mpaka uutoe mmea kwenye chungu na kuiona mizizi kwa macho yako.

Manjano peke yake haisemi mengi. Pothosi yenye njaa hugeuka manjano, yenye kiu vilevile, iliyozama majini vilevile, na hata iliyo nzima huacha jani moja la chini linapozeeka. Kilichonifanya niamini kwamba shida iko chini ya udongo ni sentensi yako ya karibu na mwisho: umelegea, unaongeza maji, haunyanyuki. Pothosi yenye kiu ya kweli ikimwagiliwa asubuhi, jioni au kesho yake imeshasimama. Isiposimama, ujue maji yapo lakini hakuna wa kuyanyonya. Mizizi inaoza.

Piga hesabu kidogo. Kikombe cha chai kina mililita 250 hivi. Kwa siku saba ni karibu lita moja na robo tatu. Mmea wa majani kumi na tano au ishirini, uliokaa mita tatu kutoka dirishani, hautumii hata nusu ya maji hayo kwa wiki. Na vyungu vingi vya kauri vya mapambo havina tundu chini. Wewe pia hukutaja sahani ya kukingia maji, kwa hiyo nachukulia chako hakina. Basi maji yaliyobaki yamekuwa yakijilimbikiza chini mwezi hadi mwezi, na juu pakionekana pakavu unaongeza mengine.

Mizizi hufa ndani ya maji kwa kukosa hewa. Seli zake zinahitaji oksijeni kama seli za viumbe wengine, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyopenya hewani. Udongo mwekundu una chembe ndogo zinazobanana. Ukilowa muda wote, vijitundu vyake vyote vinajaa maji, mizizi inadhoofika, kisha vimelea vya udongoni kama Pythium, ambavyo hupenda maji yaliyotuama, vinaingia na kumaliza kazi. Juu unaona jani limelegea, unadhani ni kiu, unamwagilia tena. Ndivyo pothosi nyingi za sebuleni zinavyokufa, na wenye kuziua mara nyingi ni wale wanaozijali sana.

Utashangaa: mbona pothosi hiyohiyo huota ndani ya chupa ya maji matupu bila kuoza? Mizizi iliyozaliwa ndani ya maji imejengwa kwa mazingira hayo, na maji ya chupa yanayobadilishwa yana oksijeni zaidi kuliko tope la chini ya chungu, ambako bakteria wanaoozesha samadi na mizizi iliyokufa wanaimaliza yote.

Kuhakikisha

Tandika gazeti sakafuni. Ulaze mmea, shika shina karibu na udongo, vuta polepole. Chungu kikigoma, pitisha kisu chembamba ukingoni. Nusa kwanza: udongo mzima unanuka kama ardhi baada ya mvua, ulioharibika unanuka mtaro. Kisha shika mzizi mmoja kwa vidole viwili na uuvute taratibu. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya maziwa, wa zamani unaweza kuwa wa hudhurungi, ila ni mgumu na haukatiki ovyo. Mzizi uliooza ni mweusi au kahawia iliyokolea, unateleza, na ukiuvuta ganda lake la nje linavuka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Ukiona uzi huo, hakuna haja ya kutafuta ushahidi mwingine.

Halafu bonyeza shina pale linapoingia kwenye udongo. Likiwa gumu, una mmea wa kuokoa. Likiwa laini na jeusi, uozo umepanda, na sehemu hiyo ya chini usiihangaikie. Tutaokoa ncha tu.

Ikitokea ukakuta mizizi mieupe, migumu, na udongo mkavu ulioachana na kuta za chungu, basi nimekosea upande, na shida ni kiu. Hutokea: udongo uliokauka kupita kiasi hukataa maji, unamwaga juu yanapita pembeni, katikati panabaki vumbi. Hapo tiba ni rahisi. Kama chungu kina tundu, kizamishe ndani ya beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30 mpaka mapovu yaishe, kitoe, kiache kichuje. Kisicho na tundu, toa bonge zima la udongo ulizamishe lenyewe. Ila kwa ulivyoeleza, sitarajii.

Chukua vipandikizi kabla ya upasuaji

Kabla ya kugusa mizizi, kata vipandikizi. Hiyo ndiyo bima yako. Watu wengi hungoja mpaka mmea umekaribia kufa ndipo wakate, na wakati huo hata ncha zimeishiwa nguvu.

Chagua mashina yenye majani mazima, magumu, ya juu kabisa. Tazama pale jani linapotokea kwenye shina: kuna kifundo, na karibu nacho utaona kinundu cha kahawia kilichojitokeza. Hicho ni mzizi wa hewani unaosubiri unyevu. Kata sentimita 1 hadi 2 chini ya kifundo. Kipande chenye kifundo kimoja na jani moja kinatosha. Jani lenye kikonyo chake tu, bila kifundo, linaweza kukaa majini miezi likiwa kijani, hata likatoa mizizi, lakini halitatoa shina kamwe, kwa sababu jicho la kuchipua liko kwenye kifundo.

Angalia sehemu uliyokata. Ndani ya shina zima ni kijani kibichi inayoelekea weupe, na mbichi. Ukiona duara au doa la kahawia, uozo umefika hapo. Sogea juu kifundo kimoja, safisha kisu, kata tena, mpaka upate sehemu safi. Kisafishe kwa spiriti, au kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, kila unapotoka kwenye sehemu iliyooza. Hatua hii huonekana ya kujisumbua, lakini kisu kichafu ndicho kinachohamisha ugonjwa kutoka shina bovu kwenda zima.

Weka vipande vyako kwenye glasi au chupa ya maji safi. Kifundo kizame, jani libaki nje. Pafaa mahali penye mwanga, jua lisipige moja kwa moja. Badilisha maji kila siku 3 hadi 5, na yakichafuka kabla ya hapo badilisha papo hapo. Kwa joto la Dar es Salaam utaanza kuona vinundu vikifura na kutoa ncha nyeupe ndani ya wiki moja au mbili. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5, panda. Usingoje ijae chupa nzima, kwani mizizi mirefu ya majini hupata shida kuzoea udongo. Panda vipande sita hadi nane kwenye chungu kimoja ili kijae. Kimoja peke yake kitatoa kamba moja ndefu, maana pothosi haina tabia ya kutoa matawi mengi usipoikata.

Sasa mizizi

Kung'uta udongo wote wa zamani, uliobaki uoshe kwa maji yanayotiririka. Safari hii usiwe na huruma na udongo huo: una samadi mbichi, una vimelea, una chumvi. Kata kila mzizi mweusi au unaovuka ganda, mpaka ufike penye weupe. Ikibaki theluthi moja au zaidi ya mizizi mizima, mmea unaweza kuendelea, ila punguza na majani ya juu kwa kadiri hiyohiyo, kwa sababu mizizi michache haiwezi kuyanywesha majani yote. Vipande utakavyopunguza vinaingia kwenye chupa pamoja na vingine. Ikibaki chini ya theluthi, mimi nisingejisumbua: kata shina juu ya sehemu iliyooza, fanya mmea wote kuwa vipandikizi. Utakuwa na pothosi nzuri mapema kuliko ukikaa kuuguza kisiki.

Majani yaliyogeuka manjano kabisa yatoe, hayarudi kijani. Yaliyo manjano chini ya nusu yaache kwa sasa, bado yanautengenezea mmea chakula.

Utasikia watu wakisema umwagie dawa ya ukungu, unga wa mdalasini, maji ya kitunguu saumu. Dawa zenye mankozebu zinapatikana maduka ya pembejeo, lakini hulinda tishu nzima, hazifufui mzizi uliokwisha kuoza, na sioni sababu ya kupulizia dawa ya shambani sebuleni kwa ajili ya mmea mmoja. Kwa tatizo hili tiba ni kisu na hewa. Mdalasini uache jikoni.

Acha mizizi iliyokatwa kivulini saa moja au mbili vidonda vikauke kidogo, kisha panda.

Chungu na udongo

Kile chungu kikubwa cha kauri ni sehemu ya tatizo hata kama kingekuwa na tundu. Udongo mwingi wenye mizizi michache hubaki na maji ambayo hakuna wa kuyatumia. Chukua chungu cha plastiki chenye matundu, kinachoizidi mizizi iliyobaki kwa sentimita 2 au 3 tu kila upande. Kwa mmea wako nadhani kipenyo cha sentimita 12 hadi 15 kitatosha. Ukipenda sana uzuri wa kauri, kiweke hicho cha plastiki ndani yake juu ya vijiwe viwili vitatu, na kila ukimwagilia kitoe, kichuje, ndipo ukirudishe. Au toboa kauri: mashine ya kutobolea iliyozimwa mfumo wa kugonga, ncha ya vigae ya milimita 10, maji kidogo ya kupoza, na mkono usiokandamiza. Fundi anaifanya kwa dakika chache.

Tafadhali usifuate ule ushauri wa kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto; yananing'inia kwenye udongo mpaka ujae kabisa ndipo yaanze kudondoka. Kwa hiyo kokoto hazikaushi mizizi, zinapandisha tu eneo la tope karibu nayo, na maji yanayokusanyika chini yake hayana pa kutokea.

Mchanganyiko ninaoupendelea kwa Pwani: sehemu mbili mboji iliyooza vizuri au udongo mweusi wa msitu, sehemu moja pumba za mpunga zilizounguzwa zikawa nyeusi (si majivu), sehemu moja vipande vya makumbi ya nazi au changarawe ndogo ya milimita 3 hadi 6. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili kwanza, kwa sababu mengine huwa na chumvi. Udongo mwekundu, kama lazima utumie, usizidi robo. Mchanga wa baharini marufuku, na mchanga laini wa kujengea haufai pia: unajaza mianya badala ya kuifungua. Ukitumia mchanga uwe wa mtoni, wenye punje kubwa.

Upime kabla ya kupanda. Jaza chungu, mwagia maji. Yakizama ndani ya sekunde 30 na kuanza kutoka chini, vizuri. Yakisimama juu zaidi ya dakika moja, ongeza pumba au changarawe.

Panda kwa kina kilekile cha mwanzo, usizike shina zaidi. Shindilia kwa vidole kidogo tu. Mwagia mara moja mpaka maji yatoke chini, kisha acha.

Kumwagilia kuanzia sasa

Hakuna ratiba. Najua watu wanapenda kuambiwa "mara mbili kwa wiki", lakini chungu kilekile kinachokauka kwa siku tano mwezi wa Januari kinaweza kukaa siku kumi kipindi cha masika mawingu yakitanda. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kama sentimita 4 au 5. Kukiwa na ubichi, ondoka. Kukiwa pakavu, mwagilia yote kwa mara moja mpaka maji yatoke chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Ukishazoea, utaacha hata kidole: nyanyua chungu baada ya kumwagilia uusikie uzito wake, nyanyua tena siku ya nne, ya sita. Siku kitakapokuwa chepesi waziwazi, ndiyo siku yake.

Kikombe kidogo kila siku ni kibaya kwa namna mbili. Chungu kikiwa hakina tundu, kinazamisha. Kikiwa nalo, maji yanalowesha juu tu, mizizi ya chini haipati, na chumvi haisukumwi nje. Hiyo inatuleta kwenye ncha zako za kahawia.

Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, hasa maeneo yaliyo karibu na bahari, lakini si huko tu. Mmea unanyonya maji, chumvi inabaki. Baada ya miezi minane bila maji kutoka chini, imelundikana. Huenda umeiona kama utando mweupe juu ya udongo au kwenye kuta za chungu. Chumvi ikizidi, ncha na kingo za majani huungua, mara nyingi kukiwa na mstari mwembamba wa njano kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai. Kuchemsha maji hakusaidii, kunaongeza ukali wa chumvi kwa sababu maji ndiyo yanayopaa. Kuyalaza usiku kwenye ndoo hupunguza klorini ya bomba, haiondoi chumvi. Kinachosaidia ni maji ya mvua: kinga ndoo chache wakati wa masika na vuli, zifunike mbu wasizaliane, zitumie kwa maua ya ndani. Yakiisha, tumia ya kisima, lakini mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu suuza udongo: mmea uliopona, chungu cha lita 2, pitisha lita 5 au 6 polepole yatoke yote chini.

Samadi ya kuku nayo ilichangia. Ikiwa mbichi hutoa amonia na chumvi kali, inaunguza hata mizizi mizima, seuze iliyokwisha kudhoofika. Sikulaumu, kwa sababu mmea ukinyong'onyea wazo la kwanza huwa kwamba una njaa. Lakini mmea usio na mizizi haulishiki, na mbolea iliyokosa wa kuila inageuka sumu hapohapo ilipo. Hali ni ileile kwa majani ya chai, maji ya mchele na maganda ya mayai yanayorundikwa juu ya udongo: ganda la yai linachukua muda mrefu mno kuoza, na majani ya chai yanalea ukungu na vile vijidudu vyeusi vinavyoruka ovyo ukitikisa chungu. Ukiviona hivyo, ni ishara kwamba udongo haupati nafasi ya kukauka.

Mwanga na kiyoyozi

Mita tatu kutoka dirishani ni mbali. Pothosi huvumilia giza, ila kuvumilia siyo kukua: hapo itadumu tu, na kwa kuwa inatengeneza chakula kidogo, inakunywa kidogo pia, udongo unachelewa kukauka. Udogo wa majani mapya unatokana na hilo, pamoja na mizizi mibovu. Michirizi ya njano nayo hufifia gizani, kwa vile sehemu za njano na nyeupe zina klorofili kidogo, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula, hazijitoshelezi.

Usogeze uwe mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani. Kupima, saa sita mchana shika kiganja sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe pale unapotaka kuuweka. Kivuli chenye kingo zilizofifia ni mwanga mzuri. Kivuli chenye kingo kali ni jua, litauunguza. Kusipoonekana kivuli, ni giza. Jua la asubuhi la dirisha la mashariki halina neno. La alasiri kutoka magharibi huacha mabaka makavu, meupe au ya kahawia, ambayo hayaponi. Na kwa Dar es Salaam zingatia hili: mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Dirisha la kaskazini lililokuwa salama wakati wa Krismasi linaweza kuingiza jua kali katikati ya mwaka. Weka pazia jepesi, au sogeza chungu.

Kiyoyozi chenyewe hakiui pothosi, inayofurahia joto la nyuzi 20 hadi 30. Upepo wake mkavu ukipiga majani moja kwa moja ndio unaokausha ncha, na hewa kavu hualika utitiri. Utoe kwenye njia ya upepo, basi. Kunyunyizia majani maji kila siku hakuna faida kubwa: unyevu wake hudumu dakika chache, na maji yanayolala juu ya majani yanasaidia madoa ya bakteria, yale meusi yaliyolowa yenye duara la njano. Bora kuyapangusa kwa kitambaa kibichi kila wiki mbili, maana vumbi letu la mjini huziba mwanga.

Unapopangusa, geuza majani uangalie chini na kwenye makwapa ya vikonyo. Vidung'ata, wale wadudu weupe wa unga unga, hujificha hapo. Waguse mmojammoja kwa pamba yenye spiriti. Vitone vidogo vya njano na utando mwembamba ni utitiri. Osha mmea mzima kwa maji yenye nguvu bafuni, kisha pulizia maji lita 1 yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji, si ya unga ya kufulia. Rudia kila siku 5 hadi 7, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa pigo la kwanza. Tone safi linaloning'inia kwenye ncha ya jani asubuhi lisikutishe. Ni maji ya ziada yanayotolewa na mmea, na hutokea zaidi udongo ukiwa umelowa.

Utarajie nini

Wiki mbili za kwanza unaweza kupoteza majani mawili au matatu zaidi. Usikimbilie kikombe. Wiki ya tatu hadi ya tano, vuta shina kwa upole: likikushikilia, mizizi mipya imeanza kushika. Baada ya hapo utaona ncha iliyojisokota ikichomoza na kufunguka. Jani hilo la kwanza linaweza kuwa dogo, ya baadaye yatapanuka. Ukiendelea kuuacha uning'inie, majani hayatakuwa makubwa sana. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Kifaransa, na huko, kama inavyofanya hata huku Pwani ikipandia mnazi au mwembe, hupanua majani inapopanda juu. Ukitaka majani mapana, upe nguzo iliyofungwa makumbi yenye unyevu iushikilie. Kwa sababu hiyohiyo mabaki uliyokata usiyatupe nyuma ya uzio: kila kifundo ni mche, na kuna nchi ambako imegeuka gugu.

Ukimaliza kukata, nawa mikono. Utomvu wake una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha ngozi, na jani likitafunwa huchoma na kuvimbisha mdomo, kwa hiyo kamba zake zisifike mahali penye mtoto anayetambaa au paka.

Mbolea isubiri mpaka majani mapya mawili yafunguke yote, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Hapo chukua NPK 17:17:17, robo kijiko cha chai katika lita 1 ya maji, iache ilale usiku kucha, asubuhi tumia maji ya juu na uache mashapo. Mwagia kwenye udongo wenye ubichi, usiwe mkavu, mara moja kwa mwezi, na kipindi cha baridi cha Juni na Julai mmea ukipunguza kasi unaweza kuruka mwezi mmoja.